Ubeti wa Mafuta

Fundi cherehani alifika shuleni saa ya mapumziko, walimu wakiwa wanakunywa chai na wanafunzi wanapiga kelele uwanjani kana kwamba wanalipwa kwa kazi hiyo. Tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni mwake, na vipande vya uzi vilikuwa vimemganda kwenye sketi. Alisimama mlangoni mwa chumba cha walimu, akagonga kwa kidole kimoja. Mwalimu mkongwe wa Kiswahili aliponyanyua macho kutoka kwenye rundo la insha, akamtambua papo hapo. Alikuwa amemfundisha. Hilo halikuwa jambo la kujivunia sana, maana katika mji ule alikuwa amemfundisha karibu kila mtu mwenye meno, na wengi ambao meno yalikuwa yameshaanza kuwaaga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipima suti ya kustaafia?"

Walimu wenzake wakacheka. Fundi naye akatabasamu kwa adabu tu, kisha akaomba wazungumze nje.

Barazani aliegemea nguzo, akaanza kuizungusha tepu kwenye vidole na kuikunjua tena.

"Nina swali la darasani," alisema. "La zamani kidogo."

"Uliza. Ya zamani ndiyo ninayoyajua vizuri."

"Lile shairi la moto. Yale mafuta uliyosema, ni mafuta gani?"

Kabla hajajibiwa, fundi akaona ni heri aeleze. Binti yake, yule mdogo, alikuwa amecheza karibu na meza ya kupigia pasi. Yeye fundi aligeuka kumtafutia mteja kifungo cha rangi inayofanana, na aliporudisha uso, mtoto alikuwa ameshakiweka kiganja chote kwenye bati la pasi. Ukafuata ukelele ule ambao mzazi huutambua kabla hajajua umetoka wapi. Fundi hakuchanganyikiwa. Alisema hivyo kwa namna ya kujitetea: hakuchanganyikiwa hata kidogo, maana ubeti ulikuja wenyewe kichwani, mstari kwa mstari, akakimbia nao jikoni. Akatafuta chupa. Akapaka. Kesho yake akapaka tena, akangoja. Alipompeleka mtoto hospitali, kiganja kilikuwa kimevimba na kinanuka. Sasa kidonda kilikuwa kinakauka, lakini vidole viwili vilikuwa vimejikunja kwa ndani, havitaki kunyooka.

"Mama mkwe anasema wewe ulisema mafuta mazito. Mimi nilipaka ya kupikia, yale ya majimaji. Anasema ningekuwa nakusikiliza darasani badala ya kuangalia dirishani, mtoto angekuwa na mkono wake." Tepu ilikuwa imemkaza kidole mpaka ncha ikabadilika rangi. "Sikuja kulaumu, mwalimu. Nataka kujua tu. Nilikosea mafuta?"

Jibu mwalimu alikuwa nalo. Lilikuwa fupi, neno moja tu, hata mtoto wa darasa la kwanza angeweza kulitamka. Lakini nyuma yake, kupitia dirisha lililokuwa wazi, vikombe vya walimu vilikuwa vimeacha kugongana, na alijua masikio yametegwa.

"Labda," alisema. "Labda yale ya mgando yangefaa zaidi."

Fundi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa vipimo na kukuta ni vilevile alivyodhani.

"Haya. Asante, mwalimu. Angalau sasa najua."

Akaondoka kupitia katikati ya watoto waliokuwa wanakimbizana, akiirudisha tepu shingoni.

Mwalimu huyu aliitwa Mwalimu Vina, na jina hilo lilikuwa limemkaa mpaka barua za serikali zilizokuja kwa jina lake halisi zilikuwa zikirudishwa na mtu wa posta. Baba yake alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno machache aliyeshona soli huku amebana misumari midomoni, na huenda ndiyo sababu mwanawe aliyatapika maneno yote ambayo baba aliyabana. Akiwa kijana alituma mashairi kwenye redio ya mkoa. Yakasomwa. Akatuma mengine. Mtangazaji akaanza kumwita "malenga wetu", na majirani wakaanza kumwagiza mashairi kama mtu anavyoagiza kabati: la harusi, la msiba, la kumkumbusha mpangaji kwamba mwezi umeisha. Hakuna mwingine mkoani aliyejulikana kwa kazi hiyo kama yeye. Nje ya mkoa hakuna aliyemjua, na hilo halikumuumiza. Alikuwa amesafiri kidogo akakutana na washairi wakubwa, wakamwonyesha vitabu vyao, na alipowauliza ni nani anayevijua kwa moyo, wakabadilisha mazungumzo.

Yake yalijulikana kwa moyo. Hapo ndipo kiburi chake kilipokaa, na kilikaa raha mustarehe.

Ilianza mapema, alipokuwa mwalimu mpya na mashavu bado laini. Mwalimu wa afya alihamishwa, na mwalimu mkuu akamkabidhi yeye vipindi vile, pamoja na sayansi na chochote kilichokuwa hakina mwenyewe. Akagundua kwamba wanafunzi husahau kila kitu isipokuwa kilichoimbika. Basi akaimbisha kila kitu. Sayari aliziweka kwenye beti. Mifupa ya mkono, jedwali la mara saba, dalili za malaria, matumizi ya mkato na nukta, vyote vikapata vina. Wala hakuviandika ubaoni. Alivitoa kwa mdomo, mstari baada ya mstari, na darasa likavipokea kwa kupiga madawati, mizani nane na nane, vibao vya mikono vikianguka pamoja. Madawati ndiyo yaliyokuwa wahakiki wake. Mstari uliojikwaa chini ya mikono ile aliutupa palepale mbele yao, watoto wakishangilia kama timu pinzani imekosa penalti. Mstari uliopita salama ulipita moja kwa moja hadi kwenye damu.

Na hakuna uliopita salama kama huu:

*Ukiungua na moto, usilie kwa kujuta,*
*Mkubwa hata mtoto, chupa jikoni tafuta,*
*Kidonda kina fukuto, haraka paka mafuta,*
*Paka mafuta mazito, maumivu yatapita.*

Mstari wa mwisho ndio uliokuja kwanza. Ulimjia akiwa anaoga, mwili umejaa povu, na alitoka bafuni akiurudia kwa hofu ya kuuangusha. Maumivu yatapita. Ulikuwa na upole ndani yake, kama mkono wa mama juu ya paji la uso. Alijua papo hapo kwamba ubeti mzima utajengwa juu yake. Kisha akafungua kitabu cha afya kutafuta mistari mingine itakayomfikisha pale, na kitabu kikasema maji. Maji safi ya baridi, mengi, kwa muda mrefu. Usipake kitu chochote.

Alikaa na kitabu kile mapajani. Maji hayakutaka kuisha kwa "ta" hata kwa kubembelezwa, na kama mistari mitatu ingebadilika, ule wa mwisho ungekufa. Akajiambia kwamba kitabu ni kitabu na nyumbani ni nyumbani. Mama yake mwenyewe alipaka mafuta. Kila mama alipaka mafuta. Nani amewahi kufa? Akakifunga kile kitabu kwa uangalifu, kama mtu anayefunga mlango asimwamshe aliyelala ndani. Kesho yake darasa likapiga madawati, na hakuna mkono uliojikwaa.

Ubeti ukatoka nje ya shule ukiwa na miguu yake. Wasichana waliuimba wakiruka kamba. Wapishi wa hoteli waliuimba wakikaanga. Mara moja akiwa ndani ya basi, mbali sana na mji wake, alimsikia mama asiyemfahamu akimwimbia mtoto aliyemwagikiwa chai, na alitabasamu njia nzima. Abiria wa pembeni alimuuliza kama amepata kazi.

Baada ya fundi kuondoka barazani, mwalimu alimaliza vipindi vyake bila kusikia alichokuwa akifundisha, kisha akashuka hadi zahanati. Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa mwanafunzi wake pia. Alikuwa anapanga mabomba ya sindano kwenye trei.

"Mwalimu! Presha?"

"Presha ipo, ila siyo iliyonileta hapa. Nataka kukuuliza juu ya kuungua."

Muuguzi akacheka kabla mwalimu hajamaliza. "Hee! Wewe unaniuliza mimi? Si wewe ndiye bingwa? Nikuambie kitu. Chuoni nilikaribia kufeli kwa ajili yako. Mtihani umeuliza mtu akiungua ufanye nini, kalamu ikaandika mafuta kabla mimi sijafikiri. Mkufunzi akaniita mbele ya darasa: 'Wewe, hii umeitoa wapi?' Nikamwimbia. Darasa lote likaanguka."

"Na hapa? Wanakuja?"

"Wanakuja wanang'aa kama viatu vilivyopigwa rangi." Aliacha kupanga mabomba. Aliona kwamba mzee hacheki. "Mwalimu, mafuta yanafungia joto ndani, tena yanashika uchafu. Lakini hayo nayasafisha. Mimi kinachonitesa ni ule mstari wako wa mwisho. Mtu anapaka, halafu anakaa nyumbani anangoja yapite. Hayapiti. Akija hapa, ngozi imeshaharibika."

Mwalimu alitazama bango la chanjo ukutani kana kwamba anahesabu herufi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Nani angethubutu? Halafu nilijua hukujua. Enzi zile nani alijua? Ni mambo ya zamani tu."

"Eeh," alisema mwalimu. "Ni mambo ya zamani."

Ikawa ni mara ya pili siku ile kunyamaza mahali ambapo alitakiwa kusema, na alitembea kurudi nyumbani akihisi kama mtu aliyetoka dukani na kitu kwenye mfuko wa koti, asiyejua kama ni mwenye duka ndiye anayemwita au ni upepo.

Kwa wiki nzima alijaribu kutunga ubeti mwingine. Mkewe, ambaye watu walimwita Mama Pacha ingawa hao pacha wenyewe walikuwa na watoto wao sasa, alimwona akipiga meza ya kulia chakula kwa viganja, akatikisa kichwa, akapiga tena.

"Unaitwanga meza imekukosea nini?"

"Sikiliza huu. *Ukiungua kwa moto, kimbilia mfereji, mkubwa hata mtoto, mwagia mkono maji.*"

Mama Pacha alifikiri, akiendelea kukunja nguo. "Ni sawa."

"Sawa tu?"

"Baba Pacha, unataka nikudanganye? Huu umeandikwa na ofisi ya maji. Ule mwingine uliandikwa na wewe."

Hata hivyo aliupeleka darasani. Watoto walipiga madawati, mikono haikujikwaa, wakaurudia kwa utiifu mpaka kengele ikalia. Jioni akiwa anafunga dirisha la darasa aliwasikia walewale wakielekea nyumbani, mifuko ikiwagonga mgongoni, wanaimba. Maumivu yatapita, maumivu yatapita. Alitaka kupaza sauti awanyamazishe. Lakini sauti yake ndiyo iliyokuwa inaimba vinywani mwao, na alibaki ameshika komeo la dirisha mpaka wakapotea kwenye kona.

Hapo ndipo aliposema basi, atalisema hadharani. Mkutano wa wazazi ulikuwa unakuja, wa mwisho kwake kabla ya kustaafu, na mwalimu mkuu alikuwa ameshamwahidi nafasi ya kuzungumza. Wazo lile likampa nafuu ya ajabu, akalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu fundi aje. Alichagua shati. Alipanga maneno. Aliyajaribu bafuni, palepale ambapo yale mengine yalimjia.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Mwalimu akasimama, akakohoa, akasema:

"Ubeti wangu wa moto mnaujua. Una kosa. Kitabu kilisema maji. Mimi nikasema mafuta, kwa sababu maji yalikosa kina."

Kisha mtu mmoja mwenye sauti iliyozoea kelele za gereji akapiga kelele kutoka nyuma: "Basi mwalimu tuambie, na sayari uliongeza ngapi?"

Ukumbi ukapasuka. Na mwalimu, ambaye tangu ujana hajawahi kuuacha mzaha upite bila kuushika mkia, akajibu: "Sayari sikuongeza. Ila jua nililipunguza kidogo, lilikuwa kali."

Wakacheka mpaka wengine wakafuta machozi. Akawaambia tena, kwa uzito sasa, kwamba mtu akiungua atumie maji, akimbilie hospitali, asipake chochote. Wakaitikia "sawa mwalimu" kama walivyoitikia utotoni. Mwalimu mkuu akasimama akasema ni walimu wangapi siku hizi wenye moyo wa kukiri makosa yao mbele ya watu, jamani, tumpigie makofi. Wakampigia makofi ya nguvu. Mwalimu alisimama pale, kifua kimejaa joto, macho yamemlowa kidogo, akingoja yaishe ndipo akae.

Alipokaa ndipo alipomwona fundi cherehani. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa pembeni, mikono ameifunga kifuani. Alikuwa anamtazama tu, kama anavyotazama nguo ya fundi mwingine, akitafuta mahali uzi ulipopita ovyo. Kisha akafungua mlango akatoka.

Mwalimu akakumbuka alichokuwa amekisema, neno kwa neno, na akakumbuka ambacho hakukisema. Hakumtaja mtoto. Hakumtaja mama. Wala hakusema neno juu ya lile "labda" la barazani.

Kesho yake mchana akaenda kwenye kibanda cha ushonaji. Kilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani mlangoni ili ipate mwanga, sare za shule zimetundikwa bila mikono, chaki, mikasi, meza ya kupigia pasi iliyofunikwa blanketi kuukuu. Pasi yenyewe sasa ilikuwa imewekwa juu ya rafu, mahali ambapo hata mtu mzima angehitaji kunyoosha mkono. Fundi hakuacha kukanyaga cherehani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Habari za—"

"Ulipigiwa makofi."

"Sikuyataka."

"Uliyataka, mwalimu. Ulingoja yaishe ndipo ukakaa."

Mwalimu alivuta kiti cha wateja lakini hakukikalia. Sindano ilikimbia ukingoni mwa pindo, ikafika kona, ikageuzwa.

"Siku ile nilipokuja shuleni," alisema fundi, macho kwenye kitambaa, "ulikuwa unajua kwamba si mafuta?"

"Nilikuwa najua."

"Ulijua tangu lini?"

Njia ya kutorokea ilikuwepo. Muuguzi alikuwa ameshamchimbia, na mtu yeyote angempa. Mwalimu akaitazama, akaiacha.

"Tangu siku niliyoutunga."

Cherehani ikasimama. Barabarani mtu alikuwa anajadiliana na mwenzake juu ya matokeo ya mpira, wakapita.

"Nilirudi nyumbani siku ile," fundi alisema polepole, "nikamwambia mama mkwe, mama, ni kweli, mwalimu amesema nilikosea mafuta. Nikamwomba msamaha. Mimi. Nikamwomba na mume wangu msamaha kwenye simu. Usiku nikimfunga mtoto bandeji nilikuwa nasema moyoni, mjinga wewe, umeshindwa hata kuchagua chupa."

"Mwanangu, naomba radhi. Kwa yote niliyo—"

"Usinipe maneno mazuri. Nimeshona tangu asubuhi, sina mikono ya kuyapokelea."

Mwalimu akakirudisha kiti ukutani.

"Nifanye nini basi?"

"Njoo nyumbani. Uyaseme mbele ya mama mkwe. Yale ya ukumbini sitaki, hayo wameshayasikia, jirani amekuja kuwasimulia, wamecheka. Sema yale ya barazani."

Kwa mwalimu, kusimama mbele ya mji mzima kulikuwa kazi nyepesi. Sebule ya fundi ilimtisha zaidi kuliko kumbi zote alizowahi kuingia. Ilikuwa sebule ndogo, makochi yamefunikwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya mwaka uliopita ukutani kwa sababu picha yake ilipendeza. Mama mkwe, mwanamke wa rika lake, alikuwa amevaa vizuri kwa ajili ya mgeni. Hakujua kilichomleta.

"Leo tumetembelewa na redio!" alisema akimshika mkono kwa mikono miwili. "Karibu, karibu ukae. Si hapo, hapo springi imechoka, itakuchoma. Jana nimeambiwa umewachekesha watu ukumbini mpaka basi. Wewe hubadiliki!"

"Nimezeeka tu, mama."

"Nani kazeeka? Wewe? Mimi je, nimefukiwa?" Akageukia mlango wa ndani. "Mjukuu wangu, njoo umsalimie babu. Huyu ndiye mwenyewe."

Mtoto akaja. Alinyoosha mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na bandeji na ameubana tumboni, vidole viwili vikichungulia vimejipinda kama vinashika kitu kisichoonekana.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Na mimi nakijua," mtoto akasema.

"Unakijua nini?"

"Kile kishairi cha moto. Tumefundishana na dada." Akaanza bila kuombwa, akijipiga gotini kwa mkono mzima, nane na nane, kichwa kikitikisika. Hakukosea hata silabi moja. Alipofika mwisho aliuvuta ule mstari kama unavyostahili kuvutwa, taratibu, kwa upole, kisha akanyanyua uso kusubiri.

Bibi akapiga makofi. "Umeona! Kichwa kama cha babu yake."

Mama wa mtoto, aliyekuwa amesimama penye mlango wa jikoni, aliangalia sakafu.

Mzaha ulimjia mwalimu. Ulimjia mzuri, tayari, na ungeifanya sebule nzima icheke na kumpa dakika chache zaidi. Aliumeza, na ulishuka kwa shida.

"Si kweli," alisema.

"Nini si kweli?" aliuliza bibi, bado anatabasamu.

"Nilichokitunga. Mtu akiungua hapakwi mafuta. Anatiwa maji. Nilijua ni maji, nilisoma kitabuni, nikaandika mafuta kwa sababu yalipendeza. Mkweo alipokuja shuleni kuniuliza, nikamwambia labda amekosea mafuta. Hakukosea. Alifanya nilichomfundisha. Nilimdanganya kwa sababu niliona aibu mbele ya wenzangu."

"Acha utani, mwalimu."

"Sitanii."

Akarudia. Mara hii yalitoka mafupi zaidi, na yalisikika vibaya zaidi. Bibi alimtazama yeye, akamtazama mkwewe, akarudi kwake. Tabasamu lilikuwa bado usoni lakini lilikuwa limesahauliwa pale.

"Hata hivyo," alisema mwishowe, kama mtu anayeshika ukingo wa meza asianguke, "mzazi mwenye akili zake asingekaa siku zote zile anangoja. Angemwahisha mtoto hospitali."

"Alingoja kwa sababu nilimwambia angoje. Maumivu yatapita. Ni mimi niliyesema."

"Nimemwita mjinga," alisema bibi. "Mbele ya majirani. Mbele ya huyu mtoto."

Aliinuka, akanyoosha kitambaa cha kochi pale alipokuwa amekaa, akaenda jikoni akimpita mkwewe mlangoni bila kumgusa. Wakamsikia akifungua bomba, akilifunga. Chai ambayo ilikuwa inaandaliwa haikuja.

Mtoto alikuwa bado amesimama mbele ya mgeni.

"Kwa hiyo ni nini?" aliuliza.

"Ni maji."

"Halafu?"

"Halafu hospitali. Siku ileile."

Mtoto akajaribu kuyapiga gotini kwa mkono wake mzima, maji, halafu hospitali, siku ileile. Mkono ukakwama. Akajaribu tena.

"Mbona haiimbiki?"

"Haiimbiki," alisema mwalimu. "Lakini ndiyo hiyo."

Fundi alimsindikiza hadi getini. Jua lilikuwa linakaribia paa za nyumba za upande wa pili. Mwalimu alitembea mbele, mgongo umeinama kidogo kuliko alivyokuja nao, na ingawa asingekubali, alikuwa anangoja kitu. Walau neno moja, au mkono begani, kitu cha kwenda nacho nyumbani.

Fundi alifungua geti.

"Baba wa mtoto anarudi kesho," alisema. "Naye anajua nilikosea mafuta. Anakuja na dada zake wawili. Hao ndio walionisema zaidi."

"Nitakuja."

"Na mama wa nyumba hii ya jirani nitamwita."

Mwalimu akatazama nyumba ya jirani. Mtu alikuwa anaanua nguo kwenye kamba.

"Sawa. Niseme vilevile?"

"Vilevile." Fundi alifikiri kidogo, ameshika geti, uso umechoka na macho makavu. "Ila pale kwenye kungoja, leo ulipaharakisha. Kesho usipaharakishe."

Akafunga geti, na mwalimu akamsikia akisukuma komeo.